Mwenye Karai Aliyekataa Halbadiri

Alhamisi, tarehe 13 Oktoba 1955. Tangu alfajiri manyunyu yalikuwa yakianguka juu ya mji wa Tanga, manyunyu membamba ya mwanzo wa vuli, yasiyotosha kujaza pipa lakini yanayotosha kufuta alama ardhini. Kwa sababu hiyo Sajini Asheri Shemhilu hakungoja chai. Alisali kwa ufupi mlangoni mwa kituo, kofia mkononi, kama ilivyokuwa desturi yake kabla ya kuanza kazi, kisha akaenda moja kwa moja chumba cha mahabusu.

Askari wenzake walimwita Mchungaji. Hawakumwita hivyo kwa heshima, naye hakuwahi kuwakataza.

Mahabusu alikuwa mmoja tu asubuhi ile: Jumbe Athumani, mpishi wa halua, mzaliwa wa Tongoni. Siku ya Jumatatu askari walikuta uani kwake, chini ya rundo la makuti, karai kubwa la shaba la kupikia halua lililokuwa limepotea kwa Mzee Haji Mbwana. Mzee Haji ndiye aliyekuwa tajiri wake kwa miaka mingi. Kesho, Ijumaa, Jumbe angesimama mbele ya hakimu. Bwana Inspekta aliona kesi imekwisha, kwa kuwa mali imekutwa kwa mtu na sababu ya kuichukua inajulikana na mji mzima. Asheri alimwomba siku moja tu ya kuuliza zaidi, akapewa kwa shingo upande.

Sababu yenyewe ilianzia kwenye karatasi. Haji alipokubali kumfundisha Jumbe halua yake yote, namna ya kuloweka wanga, wakati wa kutia zafarani, jinsi mkono unavyohisi kwamba moto umezidi, alimtaka kwanza atie sahihi kwamba akiacha kazi hatapika halua ya kuuza popote kuanzia Pangani hadi Moa kwa miaka kumi. Mwaka huu Jumbe akaacha kazi, akawasha moto wake mwenyewe barabara ya kumi na nne, Ngamiani. Haji akaichukua karatasi yake, akaenda mahakamani. Hakimu akaisoma, akasema kuwa sheria ya mapatano, ile iliyoletwa kutoka Bara Hindi, haiyatambui mapatano ya kumzuia mtu kufanya kazi yake halali. Kama Jumbe angekuwa amemwuzia Haji duka pamoja na jina lake, hapo ingekuwa habari nyingine. Lakini mtu wa mshahara hawezi kuwekewa kufuli mikononi baada ya kuondoka. Tangu siku hiyo wachuuzi wa Ngamiani walikuwa wakiulizana kwa kicheko kama karatasi ya Mzee Haji inafaa hata kufungia halua.

Jumbe aliketi sakafuni, mgongo ukutani. Alieleza tena yale aliyoyaeleza Jumatatu, bila kuongeza wala kupunguza. Jumapili alilala mapema kwa sababu asubuhi yake alikuwa na halua ya watu, mvua ilinyesha kwa nguvu usiku ule, na yeye hakusikia kitu. Asheri akamwuliza ni nani angefurahi kumwona amefungwa.

Jumbe akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Bwana Sajini, uliza ni nani hatafurahi. Matajiri wote wa mji huu wananiona mimi ndiye niliyewavunjia ukuta. Muulize Noa wa tanuri la mikate alisema nini kwenye kahawa mbele za watu. Alisema, karatasi imeshindwa, lakini Tanga ni ndogo."

Asheri akauliza kifungo kingekuwa cha muda gani kwa maoni yake. Jumbe akasema muda si kitu, hata kikiwa cha mwezi.

"Mfungo Sita huo unaingia," akasema. "Kila msikiti una Maulidi, na kila Maulidi ina sinia la halua. Nani ataweka halua ya mwizi mbele ya shekhe? Nikifungwa siku moja tu, mimi na halua basi, hapa na Pangani na kokote. Sina kazi nyingine ninayoijua."

Asheri alitoka. Alipofika barazani alimwambia Konstebo Tadeo, kijana wa Kibondei aliyekuwa akitembea naye katika upelelezi huu, jambo moja: hukumu ya kesho ingefanya barabara kazi ileile ambayo karatasi ya Haji ilishindwa kuifanya. Tadeo akasema basi mwizi ni Jumbe au ni Haji. Asheri akamjibu kuwa Tanga ina matajiri wengi, na wote walikuwa wakisubiri hukumu ya karatasi ile.

*

Nyumbani kwa Jumbe mkewe, Semeni, alikuwa akianua vyungu visinyeshewe. Aliwatazama askari wale wawili kama mtu anayetazama wadai.

"Mmekuja kuchukua na mafiga?" akauliza.

Asheri akamwamkia kwa upole, akaomba ruhusa ya kupita uani. Alipewa, lakini si bila maneno. Semeni alimfuata nyuma akisema kwamba mumewe ni mjinga wa mengi, wa kukopesha, wa kusahau, wa kucheka na kila mtu, lakini si mjinga wa kuiba karai ambalo mji mzima unalijua, kisha alilaze nyuma ya jiko lake mwenyewe kama mtoto anayeficha andazi mgongoni.

Ua ulikuwa na uzio wa makuti, na nyuma yake palikuwa na kichochoro. Manyunyu yalikuwa yameshalainisha ardhi yote, lakini chini ya upenu, mahali ambapo manyunyu hayakufika, tope la mvua ya Jumapili lilikuwa limekauka na kushika alama. Asheri akachutama. Palikuwa na mifuo miwili ya magurudumu, iliyotoka upande wa kichochoroni hadi kwenye lile rundo la makuti. Mfuo wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto ulikuwa ukikatika kila baada ya kipande, kama ufizi uliong'oka jino, kisha ukaendelea.

Siku ya Jumatatu askari wawili walilibeba lile karai hadi garini wakitoka jasho, na masizi ya chini yake yakawachafua hadi mabegani. Hakuna mtu mmoja aliyeweza kulipitisha Ngamiani kichwani. Asheri akauliza kama Jumbe alikuwa na mkokoteni. Semeni akasema mumewe hana hata baiskeli, na aliyetaka kuhakikisha awaulize majirani wanaomwona akibeba kuni begani kila siku.

Tadeo alikuwa akipima mifuo kwa kamba. Asheri alipoinuka, Semeni akasema neno ambalo halikuulizwa.

"Kama mnamtaka mwizi, mngemwachia Shekhe Nurudini. Saa hizi angekuwa ameshajulikana. Lakini mwenye karai kakataa Halbadiri."

Asheri akageuka. Yeye alikuwa Mlutheri wa Mlalo, mambo ya msikitini hakuyaingilia, lakini alikuwa amefanya kazi Tanga muda wa kutosha kujua Halbadiri ni nini. Mtu akiibiwa, mashekhe hukutana, wakasoma majina ya mashujaa wa vita vya Badri na kumwomba Mungu amfichue aliyedhulumu na kumpatiliza. Hata mbuzi akipotea, mwenyewe akitangaza tu kwamba atasoma Halbadiri, mara nyingi mbuzi huonekana jioni amefungwa kwenye mnazi wa mwenyewe, na hakuna anayeuliza amerudije. Watu waliiogopa kuliko rumande. Alimwomba Semeni aeleze pole pole.

Semeni akaeleza. Siku ya Jumanne alijitanda, akaenda kwa Shekhe Nurudini kumwomba asome, maana mumewe ni safi na hakuwa na cha kuogopa. Shekhe akamwambia kuwa anayeomba ni yule aliyeibiwa. Akamwambia pia kuwa Jumatatu asubuhi, karai lilipoonekana halipo, Haji mwenyewe alituma ujumbe msikitini kwamba isomwe usiku uleule. Shekhe akakusanya watu. Magharibi alipokwenda kumchukua Haji, Haji akasema isisomwe tena. Jambo liko serikalini, alisema, tumwachie hakimu.

"Karai lilikuwa limeshapatikana," Tadeo akasema. "Asome ya nini tena?"

"Halbadiri haisomewi karai," Asheri akasema. "Husomewa mwizi."

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye ukingo wa kofia yake. Haji huyu alikuwa amezunguka mji tangu hukumu ile akisema kwamba hakimu amemwibia mchana kweupe. Leo ndiye anayesema tumwachie hakimu. Asubuhi alimtaka mwizi kwa nguvu zote za dunia na mbingu. Jioni hakumtaka tena. Kati ya asubuhi na jioni alikuwa amejua kitu.

Alimtuma Tadeo kwa Shekhe Nurudini akahakikishe maneno hayo kwa kinywa cha Shekhe mwenyewe, na kumwomba baada ya sala ya adhuhuri afike nyumbani kwa Mzee Haji. Yeye akaelekea kwenye tanuri la mikate.

*

Noa alikuwa mtu wa Maramba, mfupi, mwenye nyusi nyeupe kwa unga. Alimkaribisha Asheri kwa sauti kubwa mno.

"Karibu, ndugu yangu katika Bwana. Leo Mchungaji kaja kubariki mikate?"

Asheri alisema amekuja kuuliza tu hali ya kazi. Noa hakuhitaji kuombwa zaidi. Alimpitisha ndani akalalamika tangu mlangoni hadi kwenye mdomo wa tanuri. Tangu hakimu aseme vile, alisema, hakuna tajiri anayelala. Zamani alimchukua mtu, akamfundisha hamira, akamfundisha moto, akamwekea karatasi, akakaa kwa amani. Sasa karatasi ni karatasi. Kwa hiyo amekata kazi vipande: mmoja anapima unga na hajui hamira, mmoja anakanda na hajui kipimo, mmoja anachoma na haruhusiwi kuingia chumba cha kukandia. Hamira anaichanganya yeye mwenyewe, mlango umefungwa.

Asheri alitazama mikate iliyopangwa kwenye ubao. Mingi ilikuwa imepasuka upande mmoja na kuungua upande wa pili.

"Mikate imekuwa hivi tangu lini?"

Noa akakohoa. "Tangu hiyo hukumu. Anayechoma hajui unga umekandwaje. Wateja wananung'unika. Lakini afadhali mkate mbaya wangu kuliko mkate mzuri wa mtu niliyemfundisha, anauza mbele ya mlango wangu."

Asheri akataja habari za Ernesti, mshona magodoro wa barabara inayofuata, ambaye baada ya hukumu ileile aliamua kumpa fundi wake sehemu ya faida, na inasemekana fundi huyo hana habari ya kuondoka. Noa akapuliza hewa puani. Alisema Ernesti hana watoto, ndiyo maana anagawa mali kama sadaka.

"Ulisema Tanga ni ndogo," Asheri akasema.

Noa akaacha kutabasamu. "Nilisema. Kusema si kuiba."

"Si kuiba. Mkokoteni wako uko wapi?"

Ulikuwa nyuma, chini ya banda la kuni. Asheri akaenda. Aliuzunguka, akachutama upande wa kushoto. Gurudumu hilo lilikuwa limevikwa kipande cha tairi kuukuu, kimefungwa kwa waya, na ncha mbili za tairi hazikukutana. Aliusukuma mbele juu ya majivu yaliyomwagwa pale chini. Mfuo ukatoka, ukakatika, ukaendelea, ukakatika.

Noa alisimama mlangoni, mikono imekufa ubavuni. Hakuwa tena na mzaha.

"Mimi sikuiba karai la mtu," akasema.

"Sijasema umeiba. Nauliza Jumapili mkokoteni huu ulikuwa kwa nani."

Noa akatazama tanuri, akatazama ukuta. Kisha akasema kwamba magharibi ya Jumapili, kabla mvua haijaanza, Sefu mwana wa Haji alikuja kuuazima. Alisema anakwenda kuchukua magunia ya sukari. Aliurudisha alfajiri, umelowa, na kwenye mbao zake palikuwa na masizi mengi. Noa aliyaona masizi hayo akashangaa, maana sukari haina masizi. Karai lilipopatikana kwa Jumbe, akaacha kushangaa.

"Ukajua, ukanyamaza."

"Hukuniuliza."

Asheri aliendelea kumtazama. Noa akafuta nyusi zake kwa kiganja, unga ukawa uji.

"Nilitaka wafanyakazi wangu waone kwamba anayemwacha tajiri wake hivi hivi hafiki mbali," akasema. "Ndiyo hayo tu. Serikali imetunyang'anya kamba, nami nikasema acha basi waogope kitu kingine."

"Jumapili tulikaa benchi moja, Noa. Tulisema wote amri ya nane."

"Sikumshuhudia uongo. Nilikaa kimya tu."

"Na kesho angefungwa kwa kimya chako," Asheri akasema. Akamwambia mkokoteni usiguswe na mtu, na kwamba yeye Noa asiondoke mjini, maana angehitajiwa kuyasema hayo tena akiwa ameapa. Noa aliitika kwa kichwa. Asheri alipofika njiani alimsikia akimfokea mtu wa tanuri kwa sababu ya mkate ulioungua.

*

Duka la Mzee Haji, barabara ya nane, lilikuwa limefungwa ubao mmoja kati ya mbili, kama nyumba yenye mgonjwa. Asheri alibisha hodi, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa sauti ya chini. Haji alikuwa mzee mrefu, viganja vimejaa sugu za mwiko wa kukorogea. Alikuwa ameketi juu ya kitanda cha kamba sebuleni, tasbihi mkononi, lakini vidole havikuwa vikizisogeza punje.

Asheri aliuliza habari za Sefu. Haji alisema amekwenda Pangani kwa wajomba zake. Asheri akauliza kuna shughuli gani huko. Haji akasema kuna nazi za kununua. Bi Mwamvua, mkewe, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa uani, akasema kwa wakati uleule kwamba kuna harusi.

Hakuna aliyerekebisha neno lake. Asheri akaomba maji ya kunywa. Bi Mwamvua alipokwenda kuchota, mlango ukabaki wazi, na Asheri akaona uani, chini ya paa, kanzu nyeupe imetundikwa. Ilikuwa imefuliwa na kufuliwa tena hadi kitambaa kimeanza kuchakaa begani, na hapo begani palikuwa na doa pana, jeusi la kijivu, lisilotaka kutoka. Chini yake, kwenye beseni, yalielea maganda ya ndimu.

Alikuwa ameshaliona doa la namna ile mabegani mwa askari waliobeba karai. Na Sefu, kila mtu wa Ngamiani alijua, alikuwa mtu wa kukaa dukani na kupima mizani. Hakuwahi kukaribia moto.

Nje kukasikika salamu. Tadeo alikuwa amefika pamoja na Shekhe Nurudini, na kwa kuwa Shekhe na askari wakiongozana haliwi jambo la siri, majirani watatu wanne walikuwa wamekwisha kujisogeza barazani wakijifanya wanakimbia manyunyu. Shekhe aliingia, akaketi, akamwuliza Haji afya yake. Tadeo alimwinamia Asheri, akamnong'oneza kuwa yote aliyoyasema Semeni ni kweli: asubuhi aliomba, jioni akakataa.

Asheri akaanza kwa adabu. Alisema yeye si mtu wa dini yao na hana amri ya kusoma wala ya kutosoma. Lakini kesho mtu anahukumiwa, na jioni ya leo ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Shekhe yuko hapa. Watu wako tayari. Linalohitajika ni neno moja la mwenye karai.

"Mzee Haji," akasema, "sema tu isomwe."

Haji aliinua uso kumtazama Shekhe. Shekhe alimtazama yeye, bila haraka. Midomo ya mzee yule ilifunguka, na Asheri hajui hata leo neno lililokuwa linakuja ni lipi, kwa sababu kata ya maji ilianguka mlangoni ikaviringika hadi katikati ya sebule.

"Usiseme ndiyo, mume wangu," Bi Mwamvua akasema. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. "Nakuomba kwa Mungu. Mwana tunaye huyo mmoja."

Barazani watu walisogea karibu na mlango.

Haji aliweka tasbihi chini. Alieleza mambo yote kwa sauti moja, kama mtu anayesoma. Jumatatu mchana, alipopata habari kwamba karai limeonekana kwa Jumbe, alirudi nyumbani akishukuru. Alimkuta mkewe akifua kanzu ya Sefu kwa ndimu. Aliyajua masizi yale, ameishi nayo tangu utotoni. Alimwita mwanawe chumbani akamwuliza. Sefu hakukana.

"Aliniambia, baba, karatasi yako ilikuwa imekufa, mimi nimeifufua." Haji akaendelea. "Alidhani amenifanyia wema. Mimi ndiye niliyekaa nikilia ndani ya nyumba hii mchana na jioni tangu hukumu ile, nikisema tumekwisha. Niliyasema mbele yake. Akatafuta dawa."

Asheri akamwuliza kwa nini basi hakumfundisha mwanawe halua, badala ya kumfunga mtoto wa mtu mwingine kwa karatasi. Haji akafungua viganja vyake, akavitazama.

"Nilimfundisha yeye kwanza. Hana mkono. Wanga unamshinda, moto unamshinda, subira hana. Jumbe aliufahamu mwiko tangu siku ya kwanza. Nikasema, huyu nikimshika, mwanangu atakula. Ninyi mnaona nilimwonea. Lakini nilimpa kila nilichoachiwa na baba yangu, Bwana Sajini. Hakimu wenu ananiambia sina haki ya kumzuia hata mwaka mmoja. Sasa tajiri afanye nini? Afundishe na kuibiwa, au asifundishe na kazi ife?"

 Asheri akasema hilo ni swali la haki, na huenda hata wakubwa wa sheria hawajalimaliza. Kuna anayekata kazi vipande na kuharibu mikate. Kuna anayegawa faida. Lakini yeye hakutumwa kulipima swali hilo. Alitumwa kumtafuta aliyelitoa karai ndani ya nyumba hii, na sasa amempata.

Alisimama. Alisema angepanda gari la Pangani jioni ile na kumkamata Sefu. Haji akatikisa kichwa. Wajomba zake wako ng'ambo ya mto, alisema, na wakiona kofia ya askari inashuka kwenye pantoni watampitisha mashambani hadi Saadani. "Hamtampata kabla ya kesho," akasema. "Mimi nikimwita atakuja."

Asheri alimkazia macho. Tadeo, ambaye alimfahamu bosi wake, aliona kwamba hakuamini.

"Tangu Jumatatu umejua," Asheri akasema, "na mtu asiye na kosa amelala juu ya saruji. Ulikuja kituoni Jumanne, ukapita mbele ya mlango wake, hukufungua kinywa. Leo unaniambia nikuache uende ukamlete mwanao wa pekee ili afungwe. Nikuamini kwa lipi, Mzee Haji? Ukivuka mto ule, nani atanihakikishia kwamba utarudi?"

Bi Mwamvua alikuwa ameketi chini, kanga imemfunika uso. Haji aligeuka kumtazama. Asheri aliweka mkono juu ya pingu mkandani, akangoja. Asingeweza kumlazimisha yule mzee amtaje mwanawe mbele ya hakimu. Na bila Sefu, alichokuwa nacho kilikuwa mfuo wa gurudumu unaofutika, doa la kanzu na maneno ya Noa, na kesho haikuwa mbali.

"Kwangu mimi ahadi haitoshi," akasema hatimaye. "Ukiniahidi mimi, ni mimi na wewe tu. Kama unayo ahadi, itoe kule nje."

Haji akainuka. Alikataa mkono wa Shekhe aliyetaka kumsaidia. Alivaa kofia yake, akatoka hadi barazani, akasimama juu ya kizingiti mahali ambapo kila siku alisimama kuwaita wateja. Majirani walikuwa wameongezeka. Semeni alikuwa miongoni mwao, amejitanda, amekuja kwa miguu kutoka barabara ya kumi na nne bila kuitwa na mtu, na Noa alikuwa amesimama mbali upande wa pili wa njia, chini ya upenu wa watu.

Asheri alisimama nyuma ya mzee yule, karibu kiasi cha kumshika akikimbia. Haji hakuangalia nyuma. Alimtafuta Semeni kwa macho hadi alipompata, ndipo akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika sokoni:

"Jumbe hakuiba. Karai langu lilichukuliwa na mwanangu, Sefu bin Haji, nami nilijua nikanyamaza. Sasa hivi navuka kwenda Pangani. Kesho, kabla hakimu hajaketi, nitamleta bomani nimemshika mkono, mimi mwenyewe, mbele yenu nyote. Nisipomleta, mtanikuta mimi nimesimama kizimbani mahali pa Jumbe, na mtu yeyote asije kunidhamini."